Hela ya Tabora na Stilwaya
(Mhadhara uliotolewa Kasulu mbele ya wazee, walimu na wanafunzi wa sekondari, ukarudiwa Kibondo)



Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma mkisubiri nitaje bei. Bei tutaifikia, msiondoke. Kwanza nina kosa la kukiri.

Hapa mezani nina sarafu mbili. Zote ni za heller 20, zote zimeandikwa mwaka 1916, na zote zina herufi ndogo T, yaani Tabora. Moja ina rangi ya punje ya kahawa iliyokaangwa. Nyingine inang'aa kama kitasa cha mlango mpya. Hiyo inayong'aa ilikuwa ya babu yangu, na aliyeing'arisha ni mimi.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimerudi likizo. Bibi alinipa sarafu ile ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa, akaniambia babu aliitunza tangu ujana wake. Nikaiona chafu. Nikataka kwenda kuwaringia wenzangu bwenini. Nilianza kwa ndimu na majivu, nikaona inachelewa, nikachukua stilwaya ya kusugulia masufuria. Dakika kumi baadaye ilikuwa njano kama jua. Bibi aliitazama, akasema neno moja tu, kwamba sasa haifanani na ile ya mzee. Nilidhani ananisifu.

Miaka mingi baadaye niliipeleka Dar es Salaam kwa bwana mmoja anayezijua sarafu. Aliishika kwa ukingo, akaigeuza chini ya taa mara mbili, akanirudishia. "Hii mmeiogesha," akasema. Basi. Aliniuliza kama ninayo nyingine ambayo haijaguswa. Ile ya kahawia niliipata baadaye kwa jirani, na ndiyo ninayoitumia kufundishia. Tofauti ya hizi mbili ndiyo mhadhara wangu wote.

Lakini turudi nyuma kidogo, maana kuna vijana hapa wanaotumia neno "hela" kila siku bila kujua limetoka wapi. Mwaka 1890 kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia za fedha zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma, pamoja na pesa za shaba zilizoandikwa kwa Kiarabu upande mmoja. Rupia moja ilikuwa pesa 64, hesabu iliyotoka India. Serikali ilipochukua kazi hiyo ikaona 64 ni usumbufu, na kuanzia mwaka 1904 rupia ikawa heller 100. Mjerumani akaondoka, heller ikabaki kinywani mwetu. Jirani zetu Warundi, waliokuwa chini ya bendera hiyohiyo, hadi leo fedha wanaiita amahera.

Soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake kabla ya hapo: ushanga wa sofi, vipande vifupi kama vya shina la kiko, vilivyotungwa kwenye uzi na kuhesabiwa kwa makini kuliko mnavyohesabu chenji. Wazungu waliopita Ujiji miaka ya 1870 waliuandika kwa mshangao. Sisi wa nyanda za juu tulikuwa na majembe, mbuzi na chumvi ya Uvinza. Rupia ilitufikia kwa nguvu, kwa njia ya kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Aliyehitaji rupia ilibidi aifuate ilipo.

Sasa hii ya Tabora. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga bahari. Sarafu zilizozoea kutoka Berlin na Hamburg zikakoma. Noti zikachapwa humuhumu nchini, za karatasi yoyote iliyopatikana. Askari na wapagazi walitaka kulipwa, na mtu wa kijijini hakuamini karatasi. Ndipo katika karakana ya reli ya Tabora wakaanza kupiga sarafu: heller 5 za shaba njano, heller 20 za shaba njano na za shaba nyekundu, na mwisho rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo aliyenyanyua mkonga mbele ya mlima. Za dhahabu zilifika kama 16,000 tu. Wakati huohuo askari wa Wabelgiji walikuwa wanashuka kutoka Kongo. Julai 1916 walichukua Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Kiwanda kikafa. Huku kwetu Buha tukakaa chini ya Mbelgiji mpaka mwaka 1921.

Kwa hiyo mtu akikuta heller ya Tabora hapa Kasulu, ameshika kitu kilichopigwa kwa haraka na watu wa reli ambao adui alikuwa njiani kuwafikia. Haraka hiyo inaonekana. Taji lililo juu ya herufi D.O.A. kuna mihuri iliyolichora kubwa na mingine dogo. Katika neno HELLER, zile L mbili hazifanani kutoka muhuri mmoja hadi mwingine: kuna zenye ncha iliyojikunja na kuna zenye ncha iliyochongoka. Wanaokusanya sarafu duniani wanatafuta tofauti hizo hasa. Ni ncha ya herufi, jamani. Kitu chembamba kuliko unywele. Mimi nilipita hapo na stilwaya.

Nikiitazama ya babu kwa lenzi, naona mistari mamia inayokwenda upande mmoja, kama shamba lililopigwa haro. L zangu hazina ncha. Siwezi tena kusema sarafu ya babu ilitoka kwenye muhuri upi, na hakuna atakayeweza.

Tuzungumze basi juu ya huo unaoitwa uchafu. Wanafunzi wa kemia mtanisahihisha.

Shaba ikikaa hewani hujenga ngozi. Kwanza oksidi, nyekundu kisha kahawia. Ikikaa penye unyevu na hewa ukaa, huja kijani kizito, kigumu, kilichoshikana. Ngozi hiyo imetengenezwa na shaba ya sarafu yenyewe. Ukiitoa, umetoa sehemu ya sarafu, kama vile mtu akikuchuna ngozi kwa kuwa imeunguzwa na jua. Na ngozi ikiwa tulivu, inakinga kilicho chini yake. Fedha nayo huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani, hasa penye moshi. Zile rupia zilizofichwa darini juu ya jiko la kuni ni nyeusi kama chungu, na fedha yake ipo palepale.

Asidi, iwe ya ndimu, ya soda mnayokunywa au ya betri, haijui tofauti kati ya kutu na herufi. Inakula vyote. Majivu na dawa ya meno ni mchanga tu uliosagwa vizuri. Ukimaliza unapata mng'ao, lakini si mng'ao wa mahali sarafu ilipopigwa. Sarafu mpya hung'aa kwa mistari midogo ya chuma kilichosukumwa na muhuri, mwanga ukizunguka juu yake kama tairi. Iliyosuguliwa hung'aa kila upande sawasawa, kama kijiko. Mnunuzi aliyezoea anaijua kabla hajakaa kwenye kiti.

Kigoma yetu ina balaa lake la pekee, nalo ni mawese. Nimeona nyumba tatu, mbili Kibondo na moja Heru Juu, ambako wazee walipaka sarafu mawese ili zisiharibike. Nia njema kabisa; panga hupakwa mafuta, kwa nini hela isipakwe? Lakini mawese ya kukamua kwa mikono yana asidi za mafuta, na yakichacha zinaongezeka. Zikikutana na shaba hutengeneza aina ya sabuni ya kijani, laini, inayonata. Mzee mmoja alinionyesha senti 10 zilizogandamana kama kashata. Alidhani ni ukungu.

Balaa la pili ni chumvi, na hili ndilo la kuogopa kuliko yote. Chumvi ya Uvinza imetulisha kwa karne nyingi, na chungu chake kilikuwa chombo kizuri cha kufichia kitu. Nani atatafuta hela kwenye chungu cha chumvi? Lakini kloridi ikishaingia ndani ya shaba, pamoja na unyevu wa mvua zetu zinazoanza Oktoba au Novemba hadi Mei, huanza kazi isiyokwisha. Utaona vidoa vya kijani kilichopauka, vya unga, ukivigusa kwa kijiti vinadondoka kama unga wa muhogo. Chini yake kuna shimo. Unafuta leo, baada ya wiki mbili vimerudi. Wahifadhi wa makumbusho wanauita ugonjwa wa shaba. Jasho lina chumvi pia, ndiyo maana sarafu iliyokaa miaka pembeni mwa kanga, kibindoni, mara nyingi ina maradhi hayo. Na ndiyo maana hizi zangu sizipitishi mkono kwa mkono. Msinielewe vibaya, mikono yenu ni safi.

Hapa kuna jambo litakalowafurahisha akina mama. Dawa ya zamani ya makumbusho ya Ulaya dhidi ya ugonjwa huo, walikoloweka shaba kwa majuma mengi, ni chumvichumvi ileile iliyomo katika magadi. Yale magadi ya kulainishia maharage! Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Lakini msikimbilie jikoni: magadi ya sokoni yana chumvi ya kawaida ndani yake, nayo ndiyo tunayoikimbia, na hata yale safi hubadilisha rangi ya sarafu. Ukiona unga wa kijani, itenge sarafu hiyo na nyingine, uiloweke kwenye maji yasiyo na chumvi ukiyabadilisha kila siku, kisha iweke mahali pakavu kabisa. Ikiwa ni ya thamani, ipeleke kwa wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa.

Maji hayo yanapatikana. Dukani kwa fundi wa magari wanauza maji ya betri, yaliyochemshwa yakawa mvuke na kurudi maji. Soma chupa mara mbili, maana jirani yake rafuni ni asidi ya betri, na muuzaji ana haraka. Ukikosa, kinga maji ya mvua kwenye beseni lililo uwanjani. Usikinge yaliyopita kwenye bati.

Udongo wetu mwekundu ndio unaowasumbua wengi. Sarafu imetoka shambani wakati wa kulima, imefunikwa udongo, mwaka hausomeki. Iloweke. Siku moja, siku tatu, wiki. Udongo utalegea wenyewe. Uliobaki unausukuma kwa kijiti cha meno cha mti, ambacho ni laini kuliko shaba, na ukiona kinakwama, acha. Ukimaliza ibonyeze kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, usiipanguse. Mafuta na gundi hutolewa na asetoni safi ya maabara, mbali na kibatari. Ile ya kutolea rangi ya kucha ina manukato na mafuta, utaongeza tatizo. Zaidi ya hapo sina ufundi wa kuwafundisha.

Najua kuna mwalimu atakayeuliza kuhusu karatasi ya alumini na baking soda. Ndiyo, weusi wa fedha hutoka bila kusugua. Nilijaribu kwenye rupia iliyotobolewa, ambayo haikuwa na la kupoteza. Ilitoka nyeupe, nyeupe iliyokufa, kama jino la bandia. Sikurudia.

Sasa nizungumzie shilingi ya simba, maana ndiyo iliyojaa majumbani mwetu kuliko rupia, na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Simba mbele, milima nyuma. Wengi wanaamini ni fedha. Ile ya mwaka 1921 hadi 1946 ina robo tu ya fedha; sehemu kubwa ya robo tatu nyingine ni shaba. Kuanzia mwaka 1948 haina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Ile ya robo, kiwandani walikuwa wanaipitisha kwenye asidi ili shaba ya juu iondoke na fedha ibaki usoni kama ukoko wa wali. Kwa hiyo weupe wa shilingi hiyo ni utando. Ukisugua, utando unaisha, na simba wako anakuwa na pua ya pinki. Nimeona pua nyingi za pinki Kibondo.

Shilingi hizi zilifikaje huku? Hakuna kahawa wala pamba iliyozileta kwa wingi wakati ule. Zililetwa na baba na babu zetu waliokwenda manamba. Buha iligeuzwa ghala la wafanyakazi wa mkonge. Tangu mwaka 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya wenye mashamba, SILABU, iliyokusanya watu na kuwapandisha treni ya Kigoma kwenda Morogoro na Tanga. Mtu alipewa kadi, kipande, akakata mkonge siku 30 zilizohesabiwa, ndipo akalipwa. Aliyerudi salama alirudi na blanketi, labda baiskeli, na shilingi chache. Moja ya hizo ikifichwa chini ya mguu wa kitanda ikakaa mpaka leo, weusi wake umetoka kwenye kiganja cha mtu aliyekata mkonge. Mimi siuoni ule kuwa uchafu. Mnisamehe wanakemia.

Senti zenye tundu nazo msizidharau. Shangazi yangu alizitunga kwenye uzi kama samaki. Siku moja nikamwomba nizisome, nikakuta moja ya senti 10 ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyekaa kiti kwa chini ya mwaka mmoja kisha akajiuzulu kwa ajili ya mwanamke. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuingia sokoni. Zetu ziliingia, kwa sababu ya lile tundu: hapakuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme, kwa hiyo hawakuhitaji kusubiri picha. Haina bei kubwa, zilipigwa nyingi. Lakini fikiria, mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakumshika mfukoni, alinunua chumvi hapa Kasulu.

Haya, kuhifadhi. Usitumie mfuko laini wa plastiki unaonuka kama pazia jipya la bafuni. Plastiki hiyo hutoa asidi, na miaka michache baadaye sarafu inatoka na ute wa kijani. Usitumie raba za kufungia noti, zina salfa, zinaacha mstari mweusi juu ya fedha. Usitumie gazeti. Bahasha ndogo nyeupe ya karatasi inatosha, sarafu moja bahasha moja, ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Vibadilishe masika yakianza. Kopo likae chumbani, si jikoni.

Bei. Haya, vijana, amkeni.

Rupia ya Mjerumani iliyo halali ina uzito wa gramu 11.66, na humo fedha safi ni kama gramu 10.7. Ile ya tembo ina gramu 7.168, dhahabu safi ndani yake ni kama gramu 5.4. Nendeni kwa sonara mwenye mizani ndogo. Ikipungua sana, ni ya kughushi au imekwanguliwa. Ikivutwa na sumaku, itupe. Tembo wa kughushi ni wengi kuliko tembo halisi. Uzito wa chuma ndiyo ngazi ya chini ya bei, chini ya hapo usishuke. Juu ya hapo kinacholipwa ni uso wa sarafu, na uso ndio huo mnaousugua. Shilingi ya mwaka 1966 yenye Mwalimu Nyerere na Mwenge haitakujengea nyumba. Anayekuambia ina mamilioni anataka nauli. Anayekuambia rupia ina zebaki ndani, mwonyeshe mlango. Na wale wanaokuja na ramani za "hazina ya Mjerumani", wakachimba usiku kwenye maboma ya zamani na hata makaburini, wanavunja Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na sijaona aliyetoka na kitu zaidi ya malaria.

Kitu kimoja kimebaki, nacho hakihitaji maji wala kopo. Juu ya kila bahasha andika kwa penseli: imetoka kwa nani, kijiji gani, ilipatikanaje, nani alisimulia, tarehe gani. Heller ya Tabora bila maneno ni heller kama nyingine milioni na zaidi. Ikiandikwa kwamba fulani wa Muhambwe alilipwa hii kwa kubeba mizigo ya askari, makumbusho yataisimamia. Mimi sikumwuliza bibi. Nilikuwa na muda wa kusugua dakika kumi, sikuwa na muda wa kumwuliza babu aliipata wapi. Bibi alifariki mwaka uliofuata.

Nitakuwa hapa mpaka saa kumi na moja jioni. Nina mizani, lenzi, penseli na bahasha. Mwenye sarafu nyumbani aende aichukue, aje nayo kama ilivyo, na udongo wake. Na kama aliyeiweka bado yuko hai, basi njooni naye.